Maji Maangavu Si Lazima Yawe Salama

Fahamu kilichochanganyika ndani ya maji kabla ya kuchagua njia ya kuyasafisha

Wakati wa masika, Mto Sabaki hubeba udongo mwingi kutoka bara hadi Bahari Hindi, na maji yake huwa ya rangi ya kahawia. Wakati huo huo, vipo visima karibu na ufuo ambavyo maji yake ni maangavu kama kioo, lakini ukiyatia mdomoni ni ya chumvi. Tena kuna maji ya aina ya tatu: hayana rangi, hayana harufu, hayana ladha mbaya, lakini yamebeba vimelea vya kipindupindu.

Mkaazi wa Kaunti ya Kilifi anaweza kukutana na maji ya aina zote hizo tatu ndani ya mwaka mmoja. Tatizo ni kwamba wengi wetu tuna njia moja tu tunayoitegemea kwa yote. Mmoja huchuja kwa leso, mwingine huchemsha, mwingine hutia dawa, kisha huamini kazi imekwisha. Ukweli ni kwamba kila njia huondoa kitu fulani na kuacha kingine. Ili ujue njia ya kutumia, sharti kwanza ujue ndani ya maji kumechanganyika nini.

Kitu kimoja au mchanganyiko?

Kila kitu chenye uzito na kinachochukua nafasi huitwa maada. Jiwe, maji na hewa vyote ni maada. Maada huweza kuwa yabisi kama chumvi, kioevu kama mafuta, au gesi kama mvuke.

Baadhi ya vitu ni kitu kimoja kitupu. Dhahabu ni elementi. Hakuna kingine ndani yake. Maji yaliyo safi kabisa ni kampaundi: haidrojeni na oksijeni zimeungana kikemia, na huwezi kuzitenganisha kwa chujio wala kwa ungo.

Lakini vitu vingi tunavyotumia kila siku ni michanganyiko, yaani vitu viwili au zaidi vilivyokaa pamoja bila kuungana. Michanganyiko hii ni ya namna mbili. Ya kwanza ni ile ambayo vitu vyake havijayeyuka, kama maji ya tope. Chembe za udongo zinaelea tu, na ukiyaacha yatulie, nyingi zitazama. Ya pili ni ile ambayo kitu kimoja kimeyeyuka kabisa ndani ya kingine, kama chumvi katika maji. Hii huitwa mmumunyo. Uache usiku kucha, uchuje mara kumi, chumvi itabaki mle mle.

Tofauti hiyo ndiyo msingi wa yote yanayofuata.

Jikoni tunazijua njia hizi

Mchanganyiko hutenganishwa kwa kutumia tofauti za sifa za vitu vilivyomo. Mama anapopepeta mchele kwa ungo, anatumia tofauti ya uzito: makapi ni mepesi, upepo huyapeperusha, mchele ni mzito, hubaki. Anapochekecha unga, anatumia tofauti ya ukubwa wa chembe. Anapokamua nazi kwa kifumbu, tui hupita na machicha hubaki. Anapochemsha tui hadi likatoa mafuta, maji huondoka kama mvuke kwa sababu hugeuka mvuke upesi, nayo mafuta hubaki sufuriani. Fundi akimwaga misumari mchangani huiokota kwa sumaku, kwa kuwa chuma huvutwa nayo, mchanga mwingi hauvutwi.

Ukubwa, uzito, kuyeyuka, na kugeuka mvuke: hizo ndizo sifa tutakazotumia kwa maji.

Tope: tumia uzito na ukubwa

Kwa maji ya mto, kidimbwi au lambo, hatua ya kwanza ni kuyatuliza. Yaache kwenye ndoo yenye kifuniko kwa saa kadhaa. Mchanga huzama kwa dakika chache, lakini udongo wa mfinyanzi huchelewa sana kwa sababu chembe zake ni ndogo mno na zinasukumana. Hapo ndipo shabu husaidia. Mbegu za mronge, ambao wengine huuita mzunze, zikipondwa na kukorogwa ndani ya maji hufanya kazi kama hiyo: huzifanya chembe zishikane, ziwe nzito, zizame. Maji yaliyotulizwa kwa mronge yatumiwe siku hiyo hiyo, kwa sababu mabaki ya mbegu huyafanya yaharibike upesi.

Baada ya hapo mimina maji ya juu polepole kwenye chombo kingine safi, ukiacha mashapo chini, kisha yachuje.

Mchanga pia ni chujio zuri. Visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki hutumia kanuni hiyo kwa kiasi kikubwa: maji hupenya kwenye tabaka za mchanga kabla ya kuvutwa kwa pampu na kupelekwa kuelekea Malindi, Kilifi na Mombasa.

Vimelea: chujio la kitambaa halitoshi

Maji yakishakuwa maangavu, wengi huishia hapo. Hapa ndipo hatari ilipo. Bakteria wa kipindupindu ana urefu wa sehemu chache tu za elfu za milimita, yaani ukigawa milimita moja vipande elfu moja, yeye ni vipande viwili au vitatu. Nafasi kati ya nyuzi za leso ni kubwa kuliko yeye mara nyingi.

Hata hivyo, kitambaa kina faida yake. Utafiti uliofanywa katika vijiji vya Bangladesh na kuchapishwa mwaka wa 2003 ulionyesha kuwa kuchuja maji kwa nguo kuukuu ya sari iliyokunjwa mara kadhaa kulipunguza visa vya kipindupindu kwa karibu nusu. Sababu ni kwamba bakteria wengi hujishikiza kwenye viumbe vidogo vya majini, na viumbe hao ni wakubwa kiasi cha kunaswa na kitambaa. Lakini kupunguza nusu maana yake nusu nyingine imebaki. Kitambaa ni hatua ya kwanza, si ya mwisho.

Kwa vimelea waliobaki, hatuwezi kuwatenganisha na maji kwa urahisi nyumbani, kwa hiyo tunawaua. Chemsha maji hadi yatokote kwa mapovu makubwa, uyaache yaendelee kutokota angalau dakika moja. Au tia dawa ya maji yenye klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, ukoroge, ungoje dakika 30 kabla ya kunywa.

Zingatia mpangilio. Klorini ikitiwa kwenye maji ya tope, sehemu kubwa ya nguvu yake huishia kwenye uchafu, na vimelea vilivyojificha ndani ya chembe za udongo huponea. Ndiyo maana tunatuliza na kuchuja kwanza, kisha ndipo tunatia dawa.

Chumvi: kuchemsha huizidisha

Sasa tuje kwa maji ya chumvi. Wapo wanaochemsha maji ya kisima wakitumaini chumvi itapungua. Hesabu inaonyesha kinyume. Chukua lita 10 za maji zenye gramu 20 za chumvi; kila lita ina gramu 2. Yachemshe hadi zibaki lita 8. Kilichoondoka ni mvuke wa maji matupu. Chumvi yote, gramu 20, ingali ndani. Sasa kila lita ina gramu 2.5.

Mfano mkubwa wa jambo hili uko hapa kwetu Magarini. Katika mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, maji ya bahari, yenye takriban gramu 35 za chumvi kwa kila lita, huingizwa katika mabwawa ya kina kifupi. Jua na upepo huyakausha maji. Jasi hutangulia kuganda, chumvi ya kula hufuata, na maji machungu yenye magnesiamu hubaki mwisho. Mwenye shamba la chumvi anataka chumvi, kwa hiyo huachilia mvuke uende. Mwenye kiu anataka kinyume chake: auachie chumvi bwawa, aunase mvuke.

Kuunase mvuke na kuupoza ili uwe maji tena huitwa kukeneka. Kunaweza kufanywa kwa jua: beseni jeusi la maji ya chumvi hufunikwa kwa kioo kilichoinamishwa, mvuke hugeuka matone chini ya kioo na kutiririka hadi kwenye chombo. Njia hii hutoa maji safi, lakini ni lita chache tu kwa siku kwa kila mita moja ya mraba ya beseni.

Mvua ni ukenekaji ambao jua limetufanyia bure. Milimita 10 za mvua zikinyesha juu ya paa la mita 30 za mraba huleta karibu lita 300. Acha maji ya mwanzo yapite, kwa kuwa huosha vumbi na kinyesi cha ndege, kisha kinga yanayofuata katika tangi lenye kifuniko. Maji ya mvua nayo yatiwe dawa au yachemshwe kabla ya kunywewa.

Kisima cha karibu na bahari

Sifa ya uzito hueleza pia kwa nini kisima kilichokuwa kitamu hugeuka chumvi. Lita moja ya maji baridi ina uzito wa kilo 1 hivi. Ya bahari hukaribia kilo 1.025. Kwa hiyo chini ya ardhi ya pwani, maji baridi hukaa juu ya maji ya chumvi. Kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari huwa imeegemea takriban mita 40 za maji baridi zilizo chini ya usawa huo.

Uwiano huo una pande mbili. Pampu ikishusha maji ya kisima kwa kiasi kidogo tu, maji ya chumvi yaliyo chini huanza kupanda kwa kiasi kikubwa, na yakishapanda huchukua muda mrefu kurudi. Anayechimba kisima karibu na ufuo asikichimbe kina kupita kiasi, na anayetumia pampu avute kidogo kidogo badala ya kuvuta yote kwa mara moja. Kisima ni chako, lakini maji yaliyo chini yake unashirikiana na jirani.

Jambo ambalo hakuna chujio la nyumbani litakalotatua

Mtungi uliokuwa na dawa ya wadudu wa shambani usitumiwe kamwe kwa maji ya kunywa, hata ukioshwa mara nyingi. Mabaki ya dawa huingia kwenye plastiki na kutoka polepole ndani ya maji. Leso haiyanasi, klorini haikuwekwa kwa kazi hiyo, na kuchemsha huweza kuyazidisha kama chumvi.

Kwa ufupi nyumbani

1. Yakiwa na tope: tuliza, mimina ya juu, chuja kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa.
2. Yakiwa maangavu: bado chemsha au tia klorini. Macho hayaoni vimelea.
3. Yakiwa ya chumvi: usitegemee kuchemsha. Yatumie kwa usafi, na ya kunywa tafuta ya mvua au ya mfereji.
4. Yakiwa na harufu ya dawa au ya mafuta: usinywe, wala usiwape watoto. Mwarifu afisa wa afya ya umma wa wadi yako.
5. Yakishakuwa salama: yahifadhi katika chombo chenye mdomo mwembamba au bomba, ili mikono na vikombe visiyachafue tena.

Mtu akianza kuharisha maji maji mfululizo, mpe maji ya chumvi na sukari ya kuongeza maji mwilini na umpeleke kituo cha afya kilicho karibu bila kungoja kuche. Kipindupindu kinaweza kuua ndani ya saa chache, lakini kinatibika mgonjwa akiwahishwa.