Sanduku la akiba: kwa nini wa mwisho hupata kidogo, na jinsi ya kulirekebisha

Muuza chai, dereva wa bodaboda, mfanyakazi wa hoteli na mama aliyekimbia vita vya Khartoum huenda hawana lugha moja ya nyumbani, lakini wote wanaijua sanduk. Hapa Thongpiny, karibu na uwanja wa ndege wa Juba, wanaishi wenyeji pamoja na watu waliotoka Sudan, Uganda, Kenya, Kongo na kwingineko. Mkenya ataiita chama, Mtanzania upatu au mchezo, Mkongo likelemba. Kazi yake ni moja: kila mwanachama anatoa kiasi sawa, na kwa zamu mmoja anachukua fedha zote.

Ni njia nzuri ya kupata ada ya shule au mtaji bila riba. Lakini pauni inaposhuka thamani, sanduku hugawa hasara bila mtu kukusudia. Makala hii inaeleza hasara hiyo inatokea vipi na kikundi kinaweza kufanya nini.

Hesabu ya mfano

Tuseme mko watu 10, na kila mmoja anatoa pauni 20,000 kwa mwezi. Kila zamu ni pauni 200,000. Mwezi wa kwanza mfuko wa unga ni pauni 50,000, kwa hiyo wa kwanza ananunua mifuko minne. Bei inapanda kidogo kidogo, na mwezi wa 10 mfuko ni pauni 80,000. Wa mwisho anapokea pauni 200,000 zilezile, lakini ananunua mifuko miwili na nusu.

Ukipima michango kwa bei ya kila mwezi, kila mmoja ametoa thamani ya mifuko mitatu na kidogo. Wa kwanza amepata zaidi ya alichotoa. Wa mwisho amepata pungufu, ingawa hakuna aliyeiba na daftari liko sawa. Kwa kweli, wa mwisho amewakopesha wenzake na kulipwa pungufu.

Si mfano tu

Pauni ya Sudan Kusini ilianza kutumika Julai 2011. Desemba 2015 Benki Kuu iliacha kiwango rasmi cha takriban pauni 3 kwa dola moja, na mara moja kiwango kikapita pauni 18. Oktoba 2016 mfumuko wa bei wa mwaka ulizidi asilimia 800, maana yake kitu cha pauni 100 kilifika zaidi ya pauni 900 katika miezi 12. Mwaka 2024, bomba linalosafirisha mafuta kupitia Sudan lilipoharibika, pauni iliporomoka tena.

Isitoshe, bidhaa nyingi za Juba huja kwa lori kutoka Uganda kupitia Nimule. Dola ikipanda au barabara ikiwa na shida, bei sokoni Konyo Konyo hupanda pia.

Nani anaumia zaidi?

Vikundi vingi humweka mgeni mwishoni, kwa hofu kwamba akipokea mapema atahama bila kumaliza kuchangia. Hofu hiyo ina msingi. Lakini mgeni mara nyingi ni mkimbizi aliyeanza upya bila kitu, na ndiye anayebeba hasara kubwa zaidi ya pauni. Mwenye kidogo anawasaidia wenye zaidi, na hakuna aliyemwambia.

Mnaweza kufanya nini?

*Fupisheni mzunguko.* Changeni kila wiki badala ya kila mwezi. Watu 10 watamaliza kwa wiki 10, na bei haitakuwa imekwenda mbali sana. Kikundi kikubwa kigawanyeni viwili.

*Pimeni mchango kwa bidhaa.* Badala ya kusema pauni 20,000, kubalianeni kila mmoja atoe bei ya kilo kadhaa za sukari kwa siku hiyo. Watu wawili waulize bei sokoni asubuhi na waiandike. Njia hii inawafaa wafanyabiashara, kwa sababu mapato yao hupanda pamoja na bei. Mwenye mshahara usiobadilika inaweza kumlemea, kwa hiyo wekeni kikomo mapema.

*Nunueni pamoja.* Kila zamu, tumieni sehemu ya fedha kununua sukari, maharagwe au mafuta kwa jumla, kisha mgawane. Bidhaa hizi hukaa kuliko unga, mradi ziwe mahali pakavu pasipo na panya.

*Geuzeni foleni.* Aliyekuwa wa mwisho awe wa kwanza mzunguko unaofuata. Mgeni awekwe katikati, akiwa na mdhamini ndani ya kikundi ambaye atamalizia michango yake akihama.

Vipi kuhusu dola?

Dola hulinda thamani, lakini asiyelipwa kwa dola atapoteza kila anapobadilisha. Angalieni pia noti zenyewe: za zamani, zilizochanika au zenye maandishi mara nyingi hukataliwa au kupewa bei ya chini. Badilisheni kwenye duka lenye leseni na hesabuni kabla ya kuondoka.

Siku ya zamu yako

Panga matumizi kabla ya fedha kufika. Kama ni za ada, peleka shuleni siku hiyohiyo na udai risiti. Kama ni za mtaji, nunua mzigo. Pauni zinazolala chini ya godoro zinapungua thamani, na pia zinaweza kuibwa.

Kabla ya kujiunga, uliza:

- Mzunguko utachukua muda gani, na mimi ni wa ngapi?
- Bei zikipanda, mchango utabadilika vipi?
- Mwanachama akihama au akiugua, nani analipa?
- Nani anashika daftari, na naweza kuliona?

Kama kikundi hakina majibu, kaeni mjadili kabla ya mchango wa kwanza. Ni rahisi kukubaliana wakati hakuna anayejua zamu yake. Kura ikishapigwa, wa kwanza hatakuwa na haraka ya kubadilisha kanuni.