Jina na Umri wa Mawe: Mfano wa Mashapo ya Kambe

Katika mawe ya chokaa ya Kambe, jirani na Kaloleni katika Kaunti ya Kilifi, hupatikana visukuku vya amonaiti, wanyama wa bahari wenye ganda lililojiviringisha. Kwa umbo, amonaiti aweza kuitwa konokono. Kwa nasaba, yu karibu zaidi na ngisi na pweza.

Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Konokono wa bahari wangalipo hadi leo, na kwa hiyo jina lao peke yake halitoi umri wa mashapo. Amonaiti walibadilika upesi: spishi zao nyingi ziliishi muda mfupi na kuenea mbali, kisha wote wakatoweka yapata miaka milioni 66 iliyopita.

Mwainishaji hutazama mbavu za ganda, mizunguko yake, na mishono inayoonyesha mahali kuta za vyumba vya ndani zilipoungana nalo. Alama hizo zikilingana na za visukuku vya Ulaya ambavyo tabaka zake zimekwisha kupangwa, umri nao hulingana. Kwa njia hiyo sehemu ya chini ya mawe ya Kambe imewekwa katika hatua ya Bajosiani ya kipindi cha Jurasiki, takriban miaka milioni 170 iliyopita.

Basi mwenye kuunda istilahi za sayansi kwa Kiswahili hana budi kuchunguza nasaba kabla ya sura. Jina lifuatalo sura pekee humwachia mwanafunzi jiwe, likamnyima umri wake.