Gari la Umeme: Moshi Umehamia Wapi?



Viazi vya Cyanzarwe husafiri kwa njia nyingi. Hutoka shambani juu ya kichwa, hushuka mteremko kwa baiskeli ambayo breki yake ni kandambili ya mwenye baiskeli, na vikifika barabara kuu hupakiwa ndani ya lori la dizeli linalotoa moshi mweusi usoni mwa wale wale waliolipakia. Ng'ambo ya mpaka, mjini Goma, mizigo hubebwa na chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali wala injini, ambayo wenzetu wa huko wameijengea hata sanamu kwenye mzunguko wa barabara. Kwa hiyo tukiambiwa kwamba limezuka gari lisilochoma mafuta, sisi wa pande hizi hatushtuki sana. La namna hiyo tunalo, ila linasukumwa kwa jasho.

Lakini gari la umeme si jambo la kulichekea tu. Mwaka 2019 kampuni ya Volkswagen, ikishirikiana na Siemens, ilileta magari yake ya kwanza ya umeme mjini Kigali kwa majaribio. Mwaka 2021 serikali ya Rwanda iliyaondolea kodi magari ya namna hiyo. Mwaka 2024 Ethiopia ilipiga marufuku kuingiza nchini magari ya petroli na dizeli. Na tangu Januari 2025, pikipiki mpya ya kubeba abiria Kigali haiandikishwi ila iwe ya umeme. Jambo hili basi limetoka kwenye karakana za matajiri na kumfikia kijana wa pikipiki anayetafuta posho ya siku. Likimfikia huyo, limetufikia sisi sote.

Wanaoliuza wanasema ni gari safi. Sisi tunauliza: safi kwa nani?

Kwanza tuseme kweli, maana mfanyakazi anayepinga kila kitu kipya huishia kudanganywa na vya zamani. Injini ya petroli hupoteza sehemu kubwa ya mafuta yake kwa joto. Robo tu hivi, au zaidi kidogo, ndiyo inayosukuma magurudumu. Mota ya umeme haina ubadhirifu huo. Tena petroli yote ya Rwanda hununuliwa nje na kusafirishwa kwa malori kutoka bandari za Dar es Salaam na Mombasa, na kila bei inapopanda huko duniani, nauli hupanda hapa. Na anayesimama kando ya barabara siku nzima akiuza mahindi ya kuchoma, au akisubiri kibarua, mapafu yake hayahitaji mtaalamu wa kuyaambia tofauti ya gari linalotoa moshi na lisilotoa.

Wala tusisahau kwamba hiyo petroli nayo iliwahi kusifiwa hivyo hivyo. Tangu miaka ya 1920 makampuni yaliitia risasi, yaani madini ya risasi, ili injini isigonge, nayo ikauzwa kama mafuta bora. Sumu hiyo iliingia katika damu za watoto dunia nzima. Nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliachana nayo kufikia mwaka 2006, na Algeria, iliyokuwa ya mwisho duniani, mwaka 2021. Karibu miaka mia moja ya kuambiwa kwamba hakuna neno! Aliyeumwa na nyoka, ndugu zetu, akiona ung'ongo hushtuka, na sisi tuna haki ya kushtuka.

Sasa tuutazame umeme wenyewe. Umeme hauoti kwenye nguzo. Sisi wa Rubavu tuna bahati ya kujua unakotoka, kwa kuwa sehemu yake inatoka mbele ya macho yetu. Mto Sebeya unazungusha mitambo midogo tangu enzi za Wabelgiji; ni mto huo huo uliovunja kingo zake Mei 2023, mafuriko na maporomoko ya mwezi huo yalipoua watu zaidi ya 130 katika nchi. Ziwa Kivu nalo lina gesi ya methani vilindini. Kiwanda cha bia cha Gisenyi kiliitumia gesi hiyo tangu miaka ya 1960. Mtambo wa KivuWatt, kule Karongi, wenye nguvu ya megawati 26, ulizinduliwa mwaka 2016. Na hapa Rubavu upo wa Shema Power uliojengwa kwa megawati 56. Kuitoa gesi ile ziwani ni jambo jema kwa upande mmoja, maana ikizidi kujikusanya inaweza siku moja kufumka na kuwaangamiza wakazi wa kingo zote mbili. Lakini gesi ikichomwa hutoa hewa ya ukaa, ile inayozidisha joto la dunia. Na kule kusini, Gisagara, inachomwa mboji nyeusi inayochimbwa mabondeni, ambayo moshi wake haupungui ule wa makaa ya mawe. Afrika Kusini umeme mwingi ni wa makaa ya mawe yenyewe. Kwa hiyo gari lile lile moja laweza kuwa safi sana likijazwa kwa nguvu ya maji, na kuwa na moshi wake mbali likijazwa kwa mboji. Bomba la moshi halionekani nyuma ya gari. Liko Gisagara.

Wataalamu waliohesabu moshi wote, tangu machimboni hadi jalalani, wanasema kwamba katika nchi nyingi gari la umeme humaliza maisha yake likiwa limechafua kidogo kuliko la petroli. Hatuna sababu ya kuwabishia. Lakini hesabu hiyo hiyo inasema kwamba gari la umeme huzaliwa na deni, kwa sababu betri yake, ambayo kwa gari la kawaida hufika kilo 300 au zaidi, hutengenezwa kwa moto mwingi na madini mengi. Deni hilo hulipwa kwa kutembea. Basi linalobeba abiria kutwa hulilipa upesi, na pikipiki ya abiria vivyo hivyo. Gari la bwana mkubwa linaloegeshwa kivulini tangu asubuhi mpaka saa kumi za jioni hulilipa polepole sana, ingawa msamaha wa kodi limeupata. Kama ni kuchagua, sisi tungesema basi kwanza. Mchuma chai wa Pfunda hatanunua gari, la umeme wala la petroli, lakini basi atalipanda.

Na madini ya betri yanatoka wapi? Hapa ndipo tunapotaka msomaji asimame kidogo.

Betri nyingi huwekwa kobalti ili zisishike moto na zidumu. Zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia inachimbwa Kongo, hasa Kolwezi na pande zake, katika ile nchi ya Katanga. (Watu wengi hapa mpakani hudhani koltani ya Rubaya ndiyo inayokwenda kwenye betri. Siyo. Koltani huingia katika vifaa vidogo vya elektroniki, vya simu na vya magari pia. Ina damu yake, lakini ni habari nyingine.) Wachimbaji wa Kolwezi wanasema Kiswahili kama sisi. Tena si wageni kwetu: katika miaka ya 1920 kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliwachukua maelfu ya vibarua kutoka Ruanda-Urundi kwenda kuchimba shaba huko. Wakati ule madini yalikuwa ya nyaya na risasi za Ulaya. Leo ni ya betri.

Maelfu ya watu huko huchimba kwa mikono, kwa sururu na kamba, bila mkataba, bila kofia ya chuma, bila bima. Mwaka 2016 shirika la Amnesty International lilichapisha taarifa juu yao, na watoto walikuwamo. Juni 2019 ukuta wa mgodi karibu na Kolwezi ulianguka ukaua zaidi ya watu 40. Mwaka 2025 bei ilipokuwa imeporomoka, serikali ya Kongo ilizuia kobalti isitoke nchini, kisha ikaweka viwango vya kuuza. Bei ya tani hupangwa na wengine. Anayeshika sururu husikia matokeo tu.

Tutaambiwa kwamba siku hizi zipo betri za chuma na fosfati zisizo na kobalti hata kidogo. Ni kweli, na viwanda vya China vinazitengeneza kwa wingi. Lakini gari la umeme, la betri yoyote, hutumia shaba mara tatu hivi au zaidi ya gari la petroli, na shaba hiyo nayo iko Katanga, ardhi ile ile.

Turudi kwa kijana wa pikipiki. Pikipiki ya umeme humpunguzia gharama ya mafuta na ya fundi, na wengi wanaiendesha kwa furaha. Lakini kwa mtindo uliozoeleka Kigali, pikipiki anainunua yeye, kwa mkopo, na betri inabaki ya kampuni. Anabadilishiwa kituoni kila inapoisha na kulipia. Mwenye petroli akiudhiwa na kituo kimoja huenda cha pili. Huyu wa umeme kwa kawaida hana cha pili, maana betri ya kampuni nyingine haiingii katika pikipiki yake. Amenunua nusu ya chombo cha kazi, na nusu yenye roho iko mkononi mwa mwingine. Nani atajadili bei ya betri kwa niaba yake? Vyama vya waendesha pikipiki vinapaswa kulishika jambo hili sasa, kabla petroli haijaondoka kabisa.

Tena betri hufa. Rwanda ina kiwanda cha kubomolea takataka za umeme kule Bugesera, na hilo ni jema kuliko nchi nyingi. Lakini kila mfanyakazi wa kiwanda cha namna hiyo, popote alipo, na asikie habari ya Owino Uhuru, Mombasa. Hapo palikuwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari, zile za risasi, si hizi mpya. Kilifanya kazi tangu mwaka 2007 mpaka 2014 katikati ya makazi ya watu. Sumu ikaingia katika damu za wafanyakazi na za watoto wa mtaa. Phyllis Omido, aliyekuwa mwajiriwa wa kiwanda hicho, alimwona mtoto wake mwenyewe akiugua, akaacha kazi na kuanza kupiga kelele. Alikamatwa, lakini hakunyamaza. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikatengua fidia hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Kiwanda kilikuwa kimefungwa miaka kumi kamili.