Heshima mbele ya makaburi ya askari: maneno, mwenendo na majina

Katika miji mingi ya Afrika ya Mashariki na ya Kati, mpita njia hukuta sanamu ya askari katikati ya barabara, au ua wenye safu za mawe yaliyopangwa sawasawa, na mara nyingi hajui afanye nini. Mmoja huvua kofia, mwingine huketi juu ya ngazi za mnara akingojea gari, wa tatu hupiga picha na kwenda zake. Makala haya yanakusudia kueleza ni heshima gani inayostahili mahali pa namna hiyo, na kwa nini kunyamaza peke yake hakutoshi. Mfano mkuu ni ule wa vita vya 1914–1918 katika Afrika ya Mashariki. Mfano huo umechaguliwa kwa sababu mbili: Wakongo wengi walishiriki katika vita hivyo, na kumbukumbu zake kubwa ziliandikwa kwa Kiswahili pia.

1. Maneno yenyewe

Yafaa kuanza na lugha. Kiswahili hutofautisha kumbukumbu na ukumbusho. Kumbukumbu yatokana na kitendo kukumbuka, na yaweza kukaa moyoni mwa mtu mmoja bila mwingine kuijua. Ukumbusho, kwa upande wake, watokana na kukumbusha, yaani kumfanya mwingine akumbuke. Kwa hiyo mnara uliosimamishwa kwa ajili ya wafu ni kama msemaji anayemhitaji msikilizaji. Usiposomwa na mtu, haukumbushi. Wabaki kuwa jiwe.

Majina ya wale waliokwenda vitani nayo yana mafunzo. Neno askari, lenye asili ya Kiarabu, lilienea pamoja na majeshi ya Wajerumani na Waingereza. Katika Kiswahili cha Katanga mtu huyo huitwa soda, na wengi wao basoda, kutokana na neno la Kifaransa. Lakini aliyebeba risasi, unga na majeruhi hakuitwa kwa jina la askari. Aliitwa mpagazi, katika nchi ambazo leo ni Zambia na Malawi, aliitwa tenga-tenga. Waingereza walikiita kikosi chao cha wapagazi Carrier Corps, na wenyeji wakalitamka jina hilo kwa matamshi yao: Kariakoo. Hata leo Kariakoo ni mtaa maarufu wa Dar es Salaam, na Nairobi pia ina mtaa wenye jina hilo hilo, liandikwalo Kariokor. Maelfu ya watu hununua na kuuza humo kila siku bila kujua kwamba wanatamka jina la jeshi la wabeba mizigo. Ni ukumbusho usio na jiwe, uliohifadhiwa na lugha peke yake.

2. Jiwe linaloahidi majina

Baada ya vita, katika miaka ya 1920, Waingereza walisimamisha kumbukumbu za askari Waafrika huko Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Ile ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, yaonyesha askari mmoja mwenye bunduki na singe. Imesimama mahali palipokuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyekuwa gavana wa Kijerumani. Ile ya Nairobi ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Maneno yake yalitungwa kwa Kiingereza na mwandishi Rudyard Kipling, na yakachongwa pia kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu. Maandishi hayo yawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Mwishoni yatoa ahadi: anayepigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Msomaji akiisha kusoma ahadi hiyo, na auzunguke mnara akitafuta majina. Hataona hata moja. Jiwe linaloahidi kwamba majina yatakumbukwa halina jina la mtu yeyote kati ya wale linaowasifu. Huo ndio mgongano ambao kila mgeni wa mahali hapo anapaswa kuutambua kabla ya kuinamisha kichwa.

Idadi ya wahusika si ndogo. Wanahistoria hukadiria kwamba wapagazi waliotumiwa na pande zote katika vita hivyo walizidi milioni moja, na kwamba upande wa Waingereza peke yake walikufa karibu 100,000. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na njaa, kuhara damu, malaria na uchovu.

Kongo nayo ilikuwamo. Majeshi ya Force Publique, yakiongozwa na Jenerali Charles Tombeur, yaliingia Kigali mwezi Mei 1916, na tarehe 19 Septemba mwaka huo huo yakaiteka Tabora. Nyuma ya askari walifuata wapagazi wengi kuliko askari wenyewe. Tombeur alipewa cheo cha ubaroni chenye jina la Tabora, na ana ukumbusho wake huko Saint-Gilles, mjini Brussels. Heshima hiyo ni yake. Lakini yule aliyembebea sanduku tangu ziwa Kivu hadi Tabora hakupata hata kibao cha mti. Wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo.

3. Usawa uliotangazwa na usawa uliokosekana

Tarehe 21 Mei 1917 iliundwa huko Uingereza tume ya makaburi ya vita ya dola, ambayo tangu mwaka 1960 huitwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Mwanzilishi wake, Fabian Ware, aliiwekea msingi ulio wazi: kila mfu atajwe kwa jina lake, juu ya jiwe la kaburi au juu ya ukumbusho, mawe yafanane, pasiwe na tofauti ya cheo, rangi wala dini. Ndiyo maana katika makaburi hayo jemadari na askari wa kawaida hulala chini ya mawe ya kimo kimoja. Mtu anayepita kati ya safu hizo afahamu kwamba ulingano huo haukuwekwa kwa ajili ya kupendeza macho. Wasema kwamba wote walikufa kifo kimoja.

Hata hivyo msingi huo haukufuatwa kila mahali. Mwezi Aprili 2021 tume yenyewe ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ripoti hiyo ilikadiria kwamba kati ya watu 45,000 na 54,000, wengi wao Wahindi, Waafrika wa Mashariki na wa Magharibi, Wamisri na Wasomali, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao. Wengine wasiopungua 116,000, na labda hadi 350,000, hawakutajwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Miongoni mwa sababu zilizotolewa zamani na watawala wa kikoloni ni hoja kwamba Mwafrika wa kawaida hangeelewa wala kuthamini jiwe la kaburi.

4. Je, jiwe la kaburi lilikuwa jambo geni?

Hoja hiyo yakanushwa na historia. Huko Gedi, katika pwani ya Kenya, kuna kaburi la mawe lililochongwa tarehe ya mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399 wa Kikristo. Makaburi ya minara yako Kaole na Kunduchi, katika pwani ya Tanzania. Waswahili walikuwa wakijengea wafu wao kwa mawe karne tano kabla ya tume yoyote kuundwa.

Na pale ambapo hapakujengwa kwa mawe, mfu hakuachwa bila alama. Jina la babu hupewa mjukuu, na kwa njia hiyo hutamkwa nyumbani kila siku. Katika Kongo, tarehe 1 Agosti ni siku ya wazazi, walio hai na waliokufa: asubuhi jamaa huenda makaburini kung'oa majani na kusafisha, kisha hurudi nyumbani kuwasherehekea wazazi walio hai. Mjini Lubumbashi, mtu asiyekwenda kwenye kilio cha jirani yake huulizwa sababu. Watu wenye desturi kama hizi hawakukosa kuthamini kaburi. Walinyimwa kaburi la kuthamini, kwa kuwa ndugu yao alizikwa kando ya njia, mbali na kwao, bila wao kupewa habari.

5. Mwenendo unaofaa

Kutokana na maelezo hayo, mwenendo wa mtu anayezuru mahali pa namna hii waweza kuelezwa kwa mambo machache.

Kwanza, mwili. Mgeni huvua kofia, isipokuwa pale ambapo dini ya mwenye kaburi au ya mgeni mwenyewe yataka kichwa kifunikwe. Hapandi juu ya kaburi, haliruki, haketi juu ya jiwe wala juu ya ngazi za mnara. Hali, havuti sigara, hapigi kelele. Hachukui kokoto, ua wala kipande cha chuma kwa kumbukumbu yake, maana kilichopo hapo kina mwenyewe. Akitaka kupiga picha, kwanza huangalia kama kuna mtu anayeomba au kulia, naye humpisha.

Pili, sala. Makaburi ya vita huwakusanya Wakristo, Waislamu, Wahindu na watu wa dini za jadi. Mwislamu huwatolea wafu salamu na kuwasomea Fatiha. Mkristo huomba kwa desturi yake. Asiye na sala ya kusema husimama kimya. Si adabu kumwombea mtu hadharani kwa namna inayoipuuza imani yake.

Tatu, kusoma. Mgeni husoma maandishi yote, na ikiwezekana hulitamka jina moja kwa sauti ya chini, pamoja na kijiji au kikosi kilichoandikwa. Pasipo na jina, hujiuliza ni nani hakuandikwa. Hapa sarufi yaweza kutusaidia. Mwaka 1920 London na Paris zilimzika kila moja askari asiyejulikana, na Brussels ilifanya vivyo hivyo mwaka 1922. Huyo kweli hakujulikana, kwa kuwa vita vilikuwa vimemwondolea kila alama. Lakini mpagazi alijulikana sana: mama yake alimjua, mkewe alimjua, karani aliyempa posho alimjua. Yeye si mtu asiyejulikana. Ni mtu asiyeandikwa. Kumwita asiyejulikana ni kumfichia kosa yule aliyepaswa kuandika.

Nne, ukweli wa maneno. Katika hotuba za sherehe husemwa mara kwa mara kwamba wafu hawa walijitoa. Baadhi yao walijitoa. Wengi wa wapagazi hawakujitoa. Walitolewa, kwa amri ya serikali na kwa mkono wa chifu. Tofauti kati ya vitenzi hivi viwili ni ndogo masikioni, lakini ni kubwa mbele ya kaburi. Kumsifu mtu kwa hiari ambayo hakuwa nayo si kumheshimu.

Wengine huuliza: je, yafaa kumheshimu askari wa jeshi lililotumiwa pia kuwatesa raia, kama Force Publique ilivyotumiwa katika enzi ya mpira? Swali ni la haki. Jibu ni kwamba heshima kwa mfu si hukumu ya kuvisafisha vita vyake wala jeshi lake. Mtu aweza kuulaani utawala uliompeleka kijana Tabora, na wakati huo huo akaona haya kulikanyaga kaburi la kijana huyo. Kadhalika wale waliokufa upande wa Wajerumani walikuwa watu wa nchi hizi hizi. Mara nyingi askari wa pande mbili waliweza kutukanana, na kuombana maji, kwa Kiswahili kimoja.

6. Hitimisho

Kosa la kutoandika laweza kupunguzwa. Mwezi Januari 2025 ilizinduliwa huko Cape Town kumbukumbu ya wafanyakazi wa kijeshi Waafrika wa Afrika Kusini zaidi ya 1,700 waliokufa katika vita vya 1914–1918. Kila mmoja ana nguzo yake ya mti, na juu yake jina lake. Kabla ya hapo, tarehe 8 Juni 2022, Mfalme Philippe wa Ubelgiji aliweka shada la maua mbele ya ukumbusho wa wapiganaji wa zamani mjini Kinshasa, akamvisha nishani Koplo Albert Kunyuku, mwenye umri wa miaka 100, aliyekuwa katika Force Publique wakati wa vita vya pili. Mkongo mmoja aliyeitwa kwa jina lake na cheo chake, akiwa hai, ni jambo la kufurahia. Lakini laonyesha pia ni wangapi waliofariki wakingoja.

Kwa walimu na wanafunzi wa Kiswahili kazi ni dhahiri. Mashahidi wa vita vya kwanza wamekwisha, na wa vita vya pili karibu wamekwisha. Waliobaki ni wajukuu, nao wanayo majina, nyimbo za safari, na visa vya babu aliyekwenda Tabora asirudi. Mwanafunzi anayerudi kijijini wakati wa likizo aweza kuandika jina moja, jina la kijiji, jina la yule aliyelikumbuka, na mwaka alioambiwa. Orodha ya namna hiyo si mnara wa shaba. Lakini ahadi iliyochongwa Nairobi na Dar es Salaam ilisema kwamba wana watalikumbuka jina, na jina halikumbukwi na mtu ambaye hakuambiwa.