Baridi Ikiingia: Kinachobadilika Jikoni, Miguuni na Chumbani

Kuanzia Juni hadi Agosti, maongezi mengi mtaani Gataka huanza na hali ya hewa. Mteja hufika kwa mama mboga akiwa amejifunika leso, akapuliza viganja na kusema, “Leo jua limekataa kutoka, mama.” Kabla sukuma wiki haijamaliza kukatwa, maongezi yameshafika kwenye chakula: nani amepika githeri, nani amekunywa chai mara ngapi tangu alfajiri, na nani ameacha kutembea kwa sababu ya baridi.

Maongezi hayo ni ya kawaida, lakini yanagusa jambo zito. Msimu wa baridi hubadilisha mambo matatu nyumbani kwa wakati mmoja: kinachopikwa, kiasi ambacho mwili unatembea, na mahali jiko linapowekwa usiku. Mawili ya kwanza hudhuru afya polepole. La tatu linaweza kuua familia kwa usiku mmoja. Habari njema ni kwamba yote matatu yanaweza kurekebishwa bila gharama kubwa.

Kwa nini kunakuwa na baridi

Katika miezi hii jua huwa limeelekea kaskazini mwa ikweta, na pepo baridi huvuma kutoka kusini-mashariki. Pepo hizo hupanda nyanda za juu zikiwa na unyevu, na mawingu mazito hutanda chini chini siku nzima. Jua lisipopenya, ardhi haipati joto. Julai ndio mwezi ambao kwa kawaida huwa na baridi kali zaidi.

Kaunti ya Kajiado haipati baridi kwa kiwango kimoja. Milima ya Ngong hufikia urefu wa takriban mita 2,460 kutoka usawa wa bahari, ilhali Ziwa Magadi liko kwenye takriban mita 600 tu. Kwa hiyo mkazi wa Magadi anaweza kuwa amekaa kivulini akikwepa joto wakati mwenzake wa Ngong, Kiserian, Ongata Rongai au Gataka amevaa sweta mbili. Kitengela nayo iko kwenye tambarare wazi, ambako upepo hauna kizuizi.

Mwili huitikia baridi kwa njia yake. Mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi hujibana ili joto lisipotee, na mishipa ikijibana, shinikizo la damu hupanda. Kiu hupungua, hamu ya kula huongezeka, na mtu hutamani vitu vitamu na vya mafuta. Hapo ndipo jiko linapoanza kuhesabika.

Sufuria na kikombe

Tuanze na chai, kwa kuwa ndiyo hunywewa zaidi msimu huu. Kijiko kimoja cha chai cha sukari kina takriban gramu 4. Mtu anayeweka vijiko 3 katika kila kikombe na kunywa vikombe 4 kwa siku hutumia vijiko 12, yaani karibu gramu 48. Kwa siku 30 hiyo ni karibu kilo moja na nusu ya sukari kwa mtu mmoja, kabla ya kuhesabu mandazi, soda na biskuti.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima wa kawaida, na linasema ni bora zaidi ikibaki chini ya gramu 25, yaani takriban vijiko 6. Si lazima kuacha chai. Njia rahisi ni kupunguza nusu kijiko kila wiki hadi ulimi uzoee. Tangawizi au mdalasini huongeza ladha, na chai haitaonekana kuwa imepungukiwa.

Jambo jingine kuhusu chai ni wakati wa kuinywa. Majani ya chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye maharagwe na mboga za majani. Wajawazito, wasichana na watoto ndio wanaohitaji madini hayo zaidi. Ni vyema kusubiri takriban saa moja baada ya mlo kabla ya kunywa chai.

Chumvi nayo hujificha. Kiwango ambacho WHO inapendekeza kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Kiasi hicho ni pamoja na chumvi iliyo kwenye mkate, soseji, krispi na viungo vya mchuzi vya pakiti. Anayetumia viungo hivyo tayari ameshatia chumvi kwenye sufuria, na akiongeza nyingine huwa ametia mara mbili. Kitunguu, nyanya, dania na limau vinaweza kuipa mboga ladha bila kupandisha presha. Chumvi ya mezani nayo ni afadhali ibaki kabatini.

Mboga za majani hazikosekani sokoni, lakini upishi wake ndio huharibu faida. Vitamini C huyeyuka kwenye maji na hupungua kwa moto wa muda mrefu. Sukuma wiki ioshwe kabla ya kukatwa, si baada ya kukatwa, kisha ipikwe kwa dakika chache na mafuta kidogo ikiwa bado ina rangi ya kijani. Managu, terere na kunde huhitaji muda zaidi, ila maji yawe kidogo na yasimwagwe ovyo. Wasiopenda uchungu wa managu huyachanganya na terere au huongeza maziwa.

Githeri na maharagwe ni chakula kizuri cha msimu wa baridi: hushibisha, huwa na protini na nyuzinyuzi, na bei yake ni nafuu kuliko nyama. Maharagwe yakilowekwa usiku kucha na maji hayo kumwagwa, huiva haraka, huokoa makaa au gesi, na hupunguza tumbo kujaa. Katika dakika za mwisho ongeza karoti na mboga za majani, na sufuria moja itakuwa imelisha nyumba nzima mlo kamili.

Kwa sahani ya kawaida, kipimo rahisi ni hiki: nusu iwe mboga, robo iwe ugali, wali, chapati au viazi, na robo iliyobaki iwe maharagwe, ndengu, mayai, omena, samaki au nyama. Nyumba nyingi hufanya kinyume, ugali ukachukua nusu na zaidi. Utafiti wa kitaifa uliofanywa mwaka wa 2015 kuhusu viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kuwa takriban asilimia 94 ya watu wazima nchini hawakuwa wakila matunda na mboga kwa kiwango kinachopendekezwa.

Miguu iliyozoea kupumzika

Kajiado ina historia yake katika suala la kutembea. Miaka ya 1960, mtafiti George Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, aliwachunguza Wamaasai nchini Tanzania, watu wenye utamaduni mmoja na jamii nyingi za kaunti hii. Alishangazwa na watu waliokula maziwa na nyama kwa wingi lakini hawakuwa na ugonjwa wa moyo kama ilivyotarajiwa. Mwaka wa 1972, Mann na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa mioyo 50 ya Wamaasai waliofariki. Mafuta yalikuwa yameanza kuganda kwenye mishipa, lakini mishipa yenyewe ilikuwa mipana kiasi cha damu kupita bila tatizo. Mann aliona kuwa sababu inayowezekana ni uimara wa miili yao, kwa kuwa walitembea mwendo mrefu kila siku nyuma ya mifugo.

Leo mkazi wa Gataka au Kitengela anaweza kula nyama ileile, akaongeza chapati na soda, kisha akapanda bodaboda kutoka mlangoni hadi stejini. Chakula kimebaki, matembezi yameondoka.

WHO inapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Hiyo ni kama kutembea kwa haraka dakika 30, siku 5 za wiki. Kutembea kwa haraka ni mwendo ambao mtu anaweza kuongea lakini hawezi kuimba. Dakika hizo zinaweza kugawanywa: kumi asubuhi, kumi mchana na kumi jioni. Watoto na vijana wanahitaji wastani wa dakika 60 kila siku, na mpira, kuruka kamba na kukimbizana vyote vinahesabika.

Baridi isiwe kisingizio. Kushuka kwenye matatu steji moja kabla ya kufika, kwenda dukani kwa miguu, kupanda ngazi, kufua kwa mikono na kulima kishamba kilicho nyuma ya nyumba ni mazoezi. Wazee na wenye shinikizo la damu wanashauriwa kutembea mchana wakati kuna joto kidogo, wakiwa wamevaa nguo za kutosha, na kuanza polepole. Mwenye maumivu ya kifua au anayekosa pumzi akitembea anapaswa kumwona mhudumu wa afya kabla ya kuendelea.

Jiko si la kulala nalo

Chakula kikishaiva na familia ikishakula, makaa huwa bado yana joto. Madirisha yamefungwa, nguo imesokomezwa chini ya mlango kuzuia upepo, na jiko linaingizwa chumbani ili watoto wapate joto. Hapa ndipo hatari kubwa ya msimu ilipo.

Makaa yanayowaka hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, na haikerezi koo. Watu wengi hudhani kuwa jiko likishaacha kutoa moshi na makaa yakawa mekundu basi ni salama. Sivyo. Moshi umeisha, lakini gesi bado inatoka. Ikiingia mwilini hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo damu hushindwa kubeba oksijeni. Aliyelala hapati onyo la kumwamsha.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kulegea na kuchanganyikiwa. Ishara muhimu ni watu kadhaa wa nyumba moja kuumwa kichwa kwa pamoja na kupata nafuu wakitoka nje. Hilo likitokea:

- Toeni watu wote nje mara moja, kisha fungueni milango na madirisha.
- Pigeni simu ya dharura 999 au 112, au mtafute gari la kuwapeleka hospitalini bila kuchelewa.
- Waelezeni wahudumu kuwa kulikuwa na jiko ndani ya nyumba, ili waanze kumpa mgonjwa oksijeni.

Imani mbili zinafaa kusahihishwa. Kunywa maziwa hakuondoi gesi hiyo kwenye damu. Kuweka sufuria ya maji juu ya jiko au beseni la maji kando yake pia hakuizuii, kwa sababu gesi hiyo karibu haiyeyuki kwenye maji. Hata mgonjwa anayesema amepata nafuu afikishwe hospitalini. Akipumua hewa ya kawaida, huchukua muda wa saa 4 hadi 5 kwa gesi kupungua kwa nusu tu mwilini. Akipewa oksijeni hospitalini, muda huo hupungua hadi karibu saa moja.

Joto la usiku linaweza kupatikana kwa njia nyingine. Pika mapema na ule ukiwa na joto. Jaza maji ya moto kwenye chupa imara isiyovuja, uifunge kwa kitambaa na uiweke kitandani kabla ya kulala. Wavishe watoto soksi na nguo mbili au tatu nyepesi badala ya moja nzito. Ziba nyufa za ukuta, lakini acha tundu la hewa wazi. Kisha toa jiko nje na uhakikishe makaa yamezimika kabisa kabla ya mtu wa mwisho kulala. Anayepika kwa makaa ndani ya nyumba ya chumba kimoja anapaswa kuacha mlango au dirisha wazi muda wote wa kupika.

Pima kabla ya kuugua

Utafiti uleule wa 2015 ulionyesha kuwa takriban asilimia 24 ya watu wazima nchini walikuwa na shinikizo la juu la damu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwahi kupimwa hata mara moja. Presha haina dalili kwa wengi. Mtu huweza kuishi nayo miaka mingi, hadi siku anapopata kiharusi.

Tangu mwaka wa 2023, wahamasishaji wa afya ya jamii kote nchini walipewa vifaa vya kazi, vikiwemo mashine ya kupima presha na kifaa cha kupima sukari kwenye damu. Wakazi wanahimizwa kumtambua mhamasishaji wa mtaa wao na kuomba kupimwa anapowatembelea. Vipimo hivi hupatikana pia kwenye zahanati na vituo vya afya vya umma. Waliopewa dawa za presha au kisukari wasiziache kwa sababu wanajisikia vizuri. Mara nyingi wanajisikia vizuri kwa sababu wanazimeza.

Maongezi ya kibandani yataendelea hadi Septemba, jua litakaporudi. Hadi wakati huo, mwenye kumuuliza jirani kama amekula na kama amepata usingizi aongeze swali la tatu: jiko lenu hulala wapi?