Tembo Haruki, Pofu Anaruka

Vijana wa Makole, hapa Dodoma, huniita Bwana Nyama, kama maofisa wa wanyamapori walivyoitwa tangu enzi za ukoloni, na swali lao halibadiliki: "Babu, ni kweli tembo hawezi kuruka?" Ni kweli. Miaka niliyolinda Pori la Akiba Rungwa nilimwona tembo aking'oa miti, akisimamia miguu ya nyuma kufuata matawi, akipanda kingo za korongo. Kuruka, sikumwona hata mara moja.

Wazee wa Kigogo husimulia kwamba tembo alikuja kunywa maji kwenye kijito cha Kikuyu, akazama matopeni, na ndipo Dodoma ikapata jina. Iwe historia au hadithi, msimulizi alimjua mnyama wake: tope likishamkamata tembo, hana namna ya kujirusha akatoka.

Sababu ya kwanza ni uzito. Chukua tofali, kisha fyatua jingine lenye urefu, upana na kimo mara 2 ya lile. Uzito utakuwa mara 8, lakini sehemu inayokaa chini itakuwa imeongezeka mara 4 tu. Mifupa na misuli ni hivyo hivyo: nguvu zake hutegemea unene, na mwili ukikua, uzito huutangulia unene. Tembo dume hufika tani 6.

Lakini uzito haumalizi hoja. Pofu dume huweza kufikia kilo 900, na bado uzio wa mita moja na nusu anauvuka bila taabu. Siri iko miguuni. Miguu ya pofu hukunjika vizuri, na kano zake ndefu huvutika zikarudisha nguvu. Ya tembo imesimama wima chini ya mwili, vifundo havikunjiki sana, na unyayo umejaa mafuta ya kupokea mzigo. Imeumbwa kubeba. Mtafiti John Hutchinson na wenzake walipima mbio za tembo huko Thailand. Mwaka 2003 wakaeleza kuwa hufikia kilomita 25 kwa saa, na hata hapo haukosekani mguu unaogusa ardhi.

Aliyenishangaza ni kiboko. Mwaka 2024 Hutchinson na Emily Pringle walichunguza video za viboko wakaona kwamba kiboko akikaza mbio, miguu yote minne huachana na ardhi kwa karibu asilimia 15 ya muda wa kila hatua.

Elimu hii ina faida shambani. Huko Uganda, wanaopakana na hifadhi za Kibale na Queen Elizabeth huchimba mahandaki kuzuia tembo, kwa kuwa hawezi kuyaruka. Ila handaki lisilotunzwa kingo zake humomonyoka, naye hushuka taratibu akapandia ng'ambo. Na ukikutana naye porini, usimsogelee eti kwa kuwa haruki. Kilomita 25 kwa saa katikati ya miiba, wewe huziwezi.