Kabla hujalipia miwani, omba karatasi ya vipimo
Fundi cherehani wa Miyuji akivuka miaka 40, kutunga uzi kwenye sindano huanza kumshinda. Si uzembe, lenzi ya jicho hukakamaa umri unavyosonga. Wengi hununua miwani ya bei rahisi inayopangwa barabarani. Hiyo huwa na nguvu sawa pande zote, ilhali macho ya mtu mara nyingi hutofautiana.

Ni heri kupimwa. Omba karatasi yenye namba ya kila jicho na umbali kati ya mboni, ulinganishe bei duka kwa duka mjini Dodoma. Siku ya kuchukua miwani, nenda na sindano na uzi, ujaribu hapohapo.

Vipimo vya macho vina faida nyingine: huweza kubaini presha ya macho, ambayo hupofusha kimyakimya. Miwani ya barabarani haitakuambia hilo.